Taizé, Ufaransa: Wiki ya Sala na Kazi kwa Watu Waliochoka

Anayetafuta pumziko kwa maana ya kitanda laini, chakula cha kuchagua na mtu wa kumtandikia shuka asifunge safari ya kwenda Taizé, kwa kuwa vitu hivyo havipo na havikukusudiwa kuwapo. Lakini kwa yule ambaye amelala likizo nzima na bado akarudi kazini akiwa mzito vilevile, sijui mahali pengine barani Ulaya ninapoweza kumwelekeza kwa moyo mkunjufu kuliko kijiji hiki kidogo cha Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, yapata kilomita 10 kaskazini mwa mji wa Cluny, ambako jumuiya ya mabruda, yaani watawa wa kiume, hupokea wageni wiki baada ya wiki ili wasali na kufanya kazi pamoja.

Ninaandika tathmini hii nikiwafikiria wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Ulaya, hasa sisi tunaofanya kazi za zamu katika hospitali, makao ya wazee, maghala na hoteli. Uchovu wetu si wa mwili peke yake. Mtu anaweza kumaliza zamu ya usiku, akalala mchana kutwa, akaamka akiwa mzima wa viungo vyote, na bado akakaa ukingoni mwa kitanda asijue anaamkia nini. Ada ya wadogo zake imelipwa, fedha za matibabu ya mama zimetumwa, nyumba kule kijijini imefika kwenye lenta, na simu inayofuata itakuwa ya mchango mwingine. Hakuna lililoharibika, na watu wanamshukuru, lakini ndani yake swali la kwa nini anaishi limekosa jibu kwa muda mrefu, na kanisani anakwenda akiwa amechelewa na kuondoka kabla ya matangazo.

Kipimo nilichokwenda nacho ni maneno ya Yesu katika Mathayo sura ya 11. Wengi wetu tulikariri aya ya 28 tangu Shule ya Jumapili, na tumeiona katika kalenda za ukutani na kwenye vioo vya nyuma vya daladala: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Ni mara chache sana inasomwa pamoja na ile inayoifuata: "Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu, kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo, nanyi mtapata raha nafsini mwenu." Bwana hawaambii waliochoka watue mizigo yao kisha wakae bure. Anawaambia watue ule uliowaelemea, wajitie nira yake, na kwamba raha ya nafsi itapatikana humo humo. Mtu aliyekulia Mbeya au Shinyanga, akaona ng'ombe wakilima, hahitaji kuelezwa kwamba nira huvaliwa na wawili. Kwa hiyo mahali panapodai kuwapumzisha watu kwa jina la Kristo napaswa kupapima kwa mambo mawili kwa pamoja, yaani kama panampunguzia mtu mzigo, na kama panamrudishia kazi yenye maana asiyoibeba peke yake. Taizé inayafanya yote mawili, na namna inavyoyafanya ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Historia yake inaeleza mengi ya yale mgeni anayoyakuta. Mwaka 1940, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani na kugawanywa, kijana Mswisi wa miaka 25 aitwaye Roger Schutz, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, ambaye ujana wake ulikuwa umekatizwa kwa muda mrefu na kifua kikuu, alikuja kutafuta nyumba ambamo angeweza kuishi maisha ya sala huku akiwasaidia waliokuwa wakiteseka. Alipofika Taizé, kijiji kilichokuwa karibu kuhamwa, mama mmoja mzee alimsihi abaki kwa sababu wao waliokuwapo walikuwa wapweke mno. Akabaki. Alinunua nyumba, na kwa kuwa mstari uliotenganisha eneo lililokaliwa na Wajerumani haukuwa mbali, aliwaficha wakimbizi, Wayahudi wakiwamo, akisaidiwa na dada yake Geneviève. Mwaka 1942 alilazimika kuondoka baada ya habari zake kufichuka, akarudi mwaka 1944 pamoja na wenzake wa kwanza. Vita vilipokwisha, Geneviève aliwalea wavulana waliopoteza wazazi wao, na siku za Jumapili jumuiya hiyo changa iliwakaribisha wafungwa wa vita wa Kijerumani waliozuiliwa katika kambi ya jirani, jambo ambalo Wafaransa wengi wa wakati ule hawangeweza kulifikiria. Siku ya Pasaka ya mwaka 1949 wanaume saba wakaweka ahadi ya maisha yote ya kuishi pamoja, bila kuoa na kwa usahili. Leo mabruda ni Wakatoliki na Waprotestanti wa makanisa mbalimbali, kutoka takriban nchi 30. Bruda Roger aliuawa tarehe 16 Agosti 2005, akiwa na miaka 90, wakati wa sala ya jioni, kwa kisu cha mwanamke aliyekuwa mgonjwa wa akili. Bruda Alois aliyemfuata aliiongoza jumuiya hadi mwaka 2023, alipompisha Bruda Matthew, Mwanglikana kutoka Uingereza.

Sisi tunaofanya kazi Ujerumani tuna sababu ya ziada ya kulitazama kanisa lenyewe kwa makini. Linaitwa Kanisa la Upatanisho, lilifunguliwa mwaka 1962, na waliolijenga walikuwa vijana wa Kijerumani waliojitolea kujenga alama za upatanisho katika nchi ambazo taifa lao lilikuwa limeziumiza. Ni jengo la zege, halina fahari kwa nje. Miaka michache baadaye ukuta wa mbele ulibomolewa kwa sababu waumini walikuwa wengi kuliko nafasi, na mahema yakaunganishwa na jengo. Upanuzi wa mbao wa siku hizi ulikuja baadaye. Napenda kanisa ambalo limekubali kuvunja ukuta wake ili watu waingie.

Usafiri ni rahisi. Treni ya mwendo kasi inafika Mâcon, na kutoka hapo kuna basi linalopita kijijini. Mgeni hupokelewa katika nyumba ndogo inayoitwa Casa au ile ya La Morada, hupewa maelezo katika lugha anayoielewa, huonyeshwa bweni au mahali pa kupiga hema, na huulizwa ni kazi gani angependa kuifanya kwa wiki hiyo. Swali hili la mwisho huulizwa mapema, kabla mtu hajajua hata choo kiko wapi, na nalipenda sana. Hakuna anayekuuliza una cheo gani, una karatasi gani za ukaazi, wala unasali kanisa lipi.

Sala ndiyo kiini cha yote, na hapa ningependa kukawia. Kengele hulia mara tatu kwa siku: asubuhi sala huanza saa mbili na robo, mchana saa sita na dakika 20, na jioni saa mbili na nusu. Wakati wa sala shughuli zote husimama, hata kibanda cha vinywaji hufungwa. Watu huvua haraka yao mlangoni, kwa kuwa pale husimama vijana wawili watatu walioshika vibao vyenye neno la kuomba ukimya katika lugha kadhaa, na mtu huingia akakuta sakafu ya zulia isiyo na viti, isipokuwa mabenchi machache pembeni kwa ajili ya wasioweza kukaa chini. Mbele kuna vitambaa virefu vya rangi ya chungwa vilivyoshuka kutoka darini, na chini yake matofali yaliyopangwa yakiwa na mishumaa midogo ndani. Mabruda huingia mmoja mmoja, wamevaa kanzu nyeupe, wakapiga magoti katikati ya watu wala si mbele yao. Ukutani kuna kibao cha umeme kinachoonyesha namba ya wimbo, na hilo ndilo tangazo pekee utakaloliona. Hakuna mwongoza ibada anayesema "tusimame" au "tuketi", na hakuna mahubiri.

Nyimbo zao ni sentensi moja au mbili, mara nyingi za Zaburi au Injili, zinazorudiwa mara nyingi kwa sauti nne. Aliyelelewa katika pambio atauelewa utaratibu huo mara moja, ila asitarajie makofi, ngoma wala mwendo wa kupanda. Pambio letu hupandisha moyo. Wimbo wa Taizé huushusha chini mpaka utulie, na maneno yakisharudiwa vya kutosha mtu huacha kuyasoma, akayabeba. Huimbwa kwa Kilatini, Kijerumani, Kihispania, Kipolandi na lugha nyingine nyingi, na mgeni hujikuta akiiombea dunia kwa lugha ambayo hajawahi kununulia hata mkate. Husomwa Zaburi, kisha somo fupi la Biblia katika lugha kadhaa, kisha wimbo, kisha kimya.

Kimya hicho huchukua dakika nane au kumi hivi, katika kila sala. Katika makanisa mengi ya kwetu dakika kumi za kimya zingedhaniwa kuwa umeme umekatika na mchungaji anasubiri jenereta. Sisemi haya kwa kuyadharau makanisa yetu. Nilikulia humo, na mkesha wenye vipaza sauti umeniokoa zaidi ya mara moja. Lakini mtu aliyechoka kwa namna ninayoieleza hapa amechoka pia na sauti, na mara nyingine hata na sauti yake mwenyewe akiomba. Siku za kwanza, kimya kile hujaa vitu vyote vilivyoahirishwa: mzee aliyefariki ukiwa zamu na ambaye hukupata nafasi ya kumlilia, deni, mtoto anayekuita kwa simu "shangazi" ilhali wewe ndiwe mama yake. Hakuna anayekuharakisha kuvitatua. Baada ya siku kadhaa vitu hivyo huwa bado vipo, ila vimewekwa chini, mbele ya Mtu mwingine, na mtu huanza kutambua kwamba sala si kazi nyingine ya zamu inayohitaji kufanywa vizuri. Kukaa tu na kukubali kuonwa na Mungu, bila kutoa taarifa yoyote, ni jambo nililolisikia likihubiriwa mara nyingi, na hapa linapewa nafasi katika ratiba.

Jambo la pili lenye uzito ni kazi. Karibu kila mgeni hufanya kazi kwa sehemu ya siku, na karibu kila kitu pale huendeshwa na wageni wenyewe wakisaidiwa na vijana wanaojitolea kwa miezi kadhaa: kupika, kugawa chakula, kuosha vyombo, kusafisha vyoo, kufagia kanisa, kupokea wanaofika. Niliomba kuosha vyombo. Kazi yenyewe hufanyika kwenye mabeseni makubwa yaliyopangwa kwa mstari: la kwanza la maji ya moto na sabuni, la pili na la tatu la kusuuza, na mwisho mtu mwenye kitambaa. Vyombo ni bakuli za plastiki, trei na vijiko, kwa mamia. Kushoto kwangu alikuwapo mwalimu mstaafu kutoka Poland aliyekagua kila kijiko kwa kukielekeza kwenye mwanga, na kulia kwangu kijana Mreno aliyekuwa akirushia bakuli majini kwa nguvu hadi mapovu yakatufika usoni. Mmoja alianza wimbo wa sala ya mchana, wengine wakashika sauti zao, na kazi ikaenda kwa mwendo wa wimbo.

Kuna atakayeuliza mtu anayefanya kazi ya kuosha na kufuta mwaka mzima anapumzikaje kwa kuosha na kufuta tena. Nimelifikiria swali hilo kwa bidii, kwa sababu kama halina jibu, Taizé haifai kwa watu wa aina yetu. Jibu nililolipata ni kwamba kazi ile haipimwi. Katika makao ya wazee kila tendo huandikwa: saa ngapi umemgeuza mgonjwa, amekunywa mililita ngapi, nani ametia saini. Uandishi huo una sababu nzuri na sipingi, ila kwa miaka humfanya mtu ajione kuwa jumla ya saini zake. Kwenye mabeseni ya Taizé hakuna anayeandika. Kazi imewekwa katikati ya sala mbili, kengele ikilia unafuta mikono na kwenda, na chakula ulichosaidia kukigawa kimeliwa na watu ambao asubuhi waliimba nawe. Utumishi unarudi kuwa utumishi. Nilipokuwa nikirejea kazini niliona kwamba kumwosha bibi wa miaka 90 miguu ni tendo ambalo Injili ya Yohana, sura ya 13, Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu, imelipa heshima ambayo fomu haina nafasi ya kuiandika.

Asubuhi, baada ya kifungua kinywa, bruda mmoja hufundisha Biblia kwa kifupi, kisha watu hugawanyika katika vikundi vidogo vya lugha mchanganyiko na kujadili maswali mawili matatu. Wiki tuliyokuwapo tulisoma habari za Eliya katika 1 Wafalme 19, na sijui sura inayomfaa mchovu kuliko hiyo. Nabii aliyewashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli jana, leo amelala chini ya mretemu jangwani, anaomba afe. Mungu hamkemei, wala hamwambii kwamba imani yake ni ndogo, kama ambavyo baadhi yetu tumewahi kuambiwa. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. Hapo ndipo mahubiri mengi huishia, au huruka moja kwa moja hadi kwenye sauti ndogo ya utulivu pale Horebu. Kikundi chetu kilikaa zaidi kwenye kinachofuata, nacho ni kwamba Mungu anampa Eliya kazi: rudi, ukawapake mafuta watu watatu. Tena anamjulisha kwamba wako elfu saba wasiomsujudia Baali, asijihesabu peke yake, na anampa Elisha wa kuambatana naye. Elisha anakutwa shambani akilima nyuma ya jozi kumi na mbili za ng'ombe. Tulipofika hapo, mama mmoja wa Ujerumani aliyemuuguza mumewe kwa muda mrefu alisema kwamba kwa miaka yote ile aliomba nguvu, na hata siku moja hakuomba mwenzake. Hakuna aliyeongeza neno, na kengele ya mchana ikalia tukiwa tumeketi hivyo.

Kuhusu chakula nitasema machache. Asubuhi ni mkate, siagi, vipande viwili vya chokoleti na chai au kakao katika bakuli. Mchana na jioni ni dengu, tambi, wali au viazi, pamoja na tunda na biskuti. Kila mtu hupewa kijiko kimoja, hakuna uma wala kisu. Kinatosha, na mwenye mahitaji ya kiafya aeleze mapema.

Gharama ni ndogo kuliko ya hosteli yoyote ninayoijua, na mchango hupangwa kwa kuzingatia umri na nchi anayotoka mtu. La maana zaidi kwangu ni kwamba jumuiya haipokei zawadi wala misaada kwa ajili yake yenyewe. Mabruda huishi kwa kazi za mikono yao, ikiwamo ufinyanzi wa vyombo unavyoviona vikiuzwa dukani kwao, na hata urithi ambao bruda hupata kutoka kwa wazazi wake hauingii katika mfuko wa jumuiya, hugawiwa maskini. Wapo miongoni mwetu waliochoka kwa sababu ya kanisa lenyewe, kwa bahasha zisizokwisha na kwa kuitwa mbele kulingana na kiasi walichotoa. Kwa mtu kama huyo, kukaa wiki nzima mahali ambapo hakuna anayetafuta fedha zake ni sehemu ya uponyaji, na naitaja kama sifa kubwa ya huduma hii.

Jioni ya Ijumaa msalaba wenye picha ya Kristo hulazwa karibu na sakafu katikati ya kanisa, na mwenye kutaka huenda kwa magoti, akaegesha paji la uso wake juu ya mbao, akakabidhi aliyonayo. Foleni huwa ndefu na nyimbo huendelea hadi usiku. Baada ya sala za jioni baadhi ya mabruda hubaki kanisani ili kumsikiliza yeyote anayetaka kusema. Niliyemwendea alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, na alichoniuliza mwishoni kilikuwa ni nani huniombea mimi. Jumamosi usiku kila mmoja hushika mshumaa, mwanga ukipitishwa kutoka kwa watoto, kwa kumbukumbu ya Ufufuko, na Jumapili wiki hufungwa kwa Ekaristi. Palipo na nafasi mchana, bonde la chini lenye chemchemi na ziwa dogo, liitwalo chemchemi ya Mtakatifu Stefano, limetengwa kwa ajili ya ukimya. Pia mtu anaweza kuomba kuishi wiki yote kwa kimya katika nyumba tofauti, akikutana kila siku na bruda au sista wa kumwongoza; ningemshauri mgeni wa mara ya kwanza asianze na hiyo.

Yapo ya kuzingatia kabla ya kwenda. Taizé kwanza ni mahali pa vijana, wa miaka 15 hadi 35, na walio juu ya hapo hupokewa kwa utaratibu wao na kwa nafasi chache zaidi, hivyo waangalie masharti mapema. Mwenye magoti au mgongo mbovu aseme anapojiandikisha. Kiswahili ni nadra kukisikia, na vikundi huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Anayehitaji mahubiri yenye nguvu na maombezi ya kuwekewa mikono hatayakuta. Na mwenye sonona iliyokwisha kumnyima usingizi na hamu ya kuishi amwone daktari kwanza, kwa kuwa hata Eliya alilishwa kabla ya kuzungumzishwa, na kimya kirefu bila msaada kinaweza kumzidi mgonjwa. Pia ni haki msomaji ajue kwamba mwezi Juni 2019 jumuiya yenyewe ilitangaza hadharani tuhuma za unyanyasaji wa kingono zilizowahusu baadhi ya mabruda katika miongo ya nyuma, ikazifikisha kwa mwendesha mashtaka, na kuwaalika wengine walioumizwa wajitokeze. Sioni kwamba habari hiyo inafuta mema ya mahali hapa, wala sioni kwamba mema hayo yanaifuta. Mzazi anayempeleka kijana wake asome taratibu za ulinzi zilizopo na aulize bila aibu.

Mtu atasema hayo ni ya Wazungu na hayatuhusu. Bruda Roger alikwenda kukaa katika bonde la Mathare, Nairobi, mwaka 1978, na baadhi ya mabruda waliishi Kenya kwa miaka kadhaa. Mikutano mikubwa ya vijana imefanyika Nairobi mwaka 2008 na Kigali mwaka 2012, wageni wakilala katika nyumba za waumini wa kawaida. Jumuiya hii haijawahi kutaka kuanzisha dhehebu wala chama chake. Kila anayeondoka huhimizwa arudi katika usharika au parokia yake na kutumika humo, na mimi nimeanza kubaki kanisani hadi baada ya matangazo, kwa kuwa mara nyingi humo ndimo husomwa majina ya wagonjwa wanaohitaji kutembelewa.

Kwa anayeamua kwenda, ajiandikishe mapema kupitia tovuti ya jumuiya, na aombe likizo ya Jumapili hadi Jumapili, kwa kuwa ratiba imejengwa kwa wiki na anayekuja wikendi tu huondoka kabla kimya hakijamfikia. Wiki ya Pasaka na miezi ya Julai na Agosti hukusanya maelfu ya vijana. Ni furaha kubwa, lakini mchovu wa kweli achague Oktoba au Novemba, au majuma baada ya Epifania, na wakati huo achukue bweni, asipige hema, kwa sababu usiku kuna baridi kali. Abebe mfuko wa kulalia, taulo, tochi, koti la mvua na Biblia yake ya Kiswahili. Kwenye fomu ya kazi, mwenye nguvu ajaze kuosha vyombo baada ya chakula cha mchana, zamu ambayo daima hupungukiwa na watu.